Laptopu ya chuo: jinsi ya kuichagua kabla hujalipa

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, maswali ni yale yale. i5 au i7? GB 8 zinatosha? Ninunue mpya au iliyotumika? MacBook itanifaa kwenye uhandisi? Nimeyajibu kwa vijana wanaoanza chuo, kwa kaka na dada zao, na kwa wazazi wanaotaka mtoto asianze masomo akiwa nyuma ya wenzake. Kinachoniuma ni kwamba mengi nayajibu mashine ikiwa imeshanunuliwa, na swali limeshageuka: "Mbona inakwama hivi?" Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio. Soma kwanza, lipa baadaye.

Kanuni yangu ni moja, na utaikuta karibu katika kila hatua: pesa iende kwanza kwenye kile usichoweza kukibadilisha baadaye. Diski unaweza kuongeza mwakani. Betri hubadilishwa. Lakini prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za mashine) imelehemiwa kwenye ubao mama, kioo hafifu utakitazama mpaka siku ya kuhitimu, na kibodi mbaya itakuchosha katika kila kazi unayoandika. Mwenye pesa kidogo ndiye anayehitaji kanuni hii zaidi.

UWE NA NINI KABLA YA KUANZA

- Orodha ya programu za kompyuta zinazotumika kwenye kozi yako, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Ipate idarani au kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu.
- Kiasi cha juu kabisa cha pesa ulicho nacho, ukiwa umeshatoa fungu la mfuko wenye sponji na la diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Vitu hivi viwili watu huvisahau, kisha wanajuta.
- Majibu ya maswali matatu: Utaibeba kila siku au itakaa mezani? Mchana utakuwa na mahali pa kuchomeka chaja? Unataka ikufikishe mwaka wa ngapi?
- Kama unakwenda kukagua iliyotumika: flashi, spika za masikioni zenye waya, na simu yenye intaneti.
- Muda. Ukienda kununua una haraka, utanunua kile muuzaji anachotaka kukitoa.

HATUA YA 1: Anza na kozi, usianze na laptopu

Orodha ya programu ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Anayesoma sheria, ualimu, lugha, uhasibu au sayansi ya jamii atakuwa anaandika, anasoma PDF, anafungua vichupo kumi na tano vya kivinjari na kuhudhuria vipindi kwa video. Hahitaji mashine ya kutisha. Anahitaji kibodi nzuri, betri inayodumu na RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) ya kutosha.

Takwimu na utafiti nako hakuna shida kubwa: SPSS, Stata, R na MATLAB zote zinafanya kazi kwenye Windows na kwenye macOS. Ila Power BI Desktop ni ya Windows peke yake.

Ugumu unaanza kwenye michoro na ramani. Revit, SolidWorks na ArcGIS Pro zimeandikwa kwa ajili ya Windows tu. AutoCAD ina toleo la Mac, lakini halilingani kwa kila kitu na lile la Windows, na mhadhiri akielekeza "bonyeza hapa" utabaki unatafuta hapo ni wapi. QGIS inakubali kote. Upande wa pili, anayetaka kutengeneza programu za iPhone atahitaji Xcode, na Xcode iko kwenye macOS tu.

Sayansi ya kompyuta watu huidhania nyepesi kwa sababu msimbo ni maandishi. Kuandika msimbo ni kwepesi kweli. Kinachokula mashine ni Android Studio na emuleta yake (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), na mafunzo ya data kubwa. Kundi hili lianzie GB 16 za RAM.

Angalizo: usimuulize muuzaji programu gani utatumia. Muulize aliyeko mwaka wa tatu wa kozi yako. Yeye ameshaumia na anajua palipo na mwiba.

HATUA YA 2: Chagua mfumo endeshi

Kwa wengi jibu ni Windows 11. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo laptopu isiyoweza kupokea Windows 11 kihalali usiinunue kwa ajili ya safari ya miaka mitatu au minne. Inatakiwa iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha inaanzia kwa jumla kizazi cha 8. Kwa AMD, lenga Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda juu. Programu ndogo ya Microsoft iitwayo PC Health Check itakupa jibu kwa dakika moja. Muuzaji akikwambia "hii ya zamani nimeshaiwekea Windows 11", huenda ni kweli imewekwa, lakini kwa kulazimishwa, na Microsoft haitoi uhakika kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho.

MacBook zenye chipu za M, zilizoanza na M1 mwishoni mwa 2020, ni mashine nzuri sana: tulivu, nyepesi, betri inadumu. Hata M1 bado inafaa kwa kazi za kawaida za chuo. Kizuizi chake ni ile orodha ya hatua ya kwanza tu. Ukiona hata programu moja ya lazima ambayo ni ya Windows pekee, achana na Mac. Njia za kuzunguka zipo, lakini usiku wa kuamkia tarehe ya kukusanya kazi si wakati wa kuzijaribu.

Chromebook inafaa kama kazi zako zote ziko kwenye kivinjari. Kila toleo lake lina tarehe ya mwisho wa masasisho, na tarehe hiyo haihesabiwi kuanzia siku uliyonunua. Itafute kabla ya kulipa.

Kuna na laptopu za Windows zenye chipu za Snapdragon. Betri zake zinasifiwa, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, baadhi ya programu za uhandisi, programu za usimamizi wa mitihani na vifaa vya maabara hazipatani nazo. Uliza kwanza.

HATUA YA 3: Jifunze kusoma jina la prosesa

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Herufi na namba ya mbele, yaani i3, i5 au i7, inakwambia daraja tu. Haikwambii umri. Umri uko kwenye namba zinazofuata.

Tazama mfano huu. Core i7-6600U ilitoka 2015, ina viini viwili (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi yake peke yake). Core i5-8250U ilitoka 2017, ina viini vinne. Ile "i5" inaipita ile "i7", na zaidi ya hapo i5 hiyo inakubaliwa na Windows 11 wakati i7 hiyo haikubaliwi. Lakini nenda sokoni uone ipi inauzwa kwa kujidai.

Kwa Intel, soma hivi: namba ikianza na 6, 7 au 8 yenye tarakimu nne, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Ikianza na 10, 11, 12, 13 au 14, tarakimu mbili za kwanza ndizo kizazi. Kwa hiyo 8250U ni kizazi cha 8, na 1235U ni kizazi cha 12. Kuanzia Desemba 2023 Intel walileta jina jipya, Core Ultra, lenye hesabu yake. Hizo zote ni mpya, usihangaike nazo kwa habari ya umri.

Kwa AMD kuna mtego mmoja unaostahili kuangaliwa. Kwenye mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayoonyesha usanifu wa ndani. Ryzen 5 7520U ina tarakimu ya tatu 2, maana yake ni Zen 2, usanifu wa 2019. Ryzen 5 7540U ni Zen 4. Majina yanakaribiana kama pacha, lakini ndani ni vizazi viwili mbalimbali.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni prosesa ya kubana umeme, inafaa kwa anayebeba laptopu siku nzima. H ni ya nguvu. Inafaa kwa michoro na video, ila inakula betri na inatoa joto.

Kwa mwanafunzi wa kozi za kawaida, Core i5 ya kizazi cha 8 ndiyo sakafu ya iliyotumika, na kizazi cha 11 au 12 ni salama zaidi. Ukiwa na uwezo wa mpya, i5, Core Ultra 5 au Ryzen 5 ya karibuni inatosha kabisa. Kwa wengi i7 ni pesa ambayo ingefanya kazi nzuri zaidi kwenye RAM.

Angalizo: epuka Celeron za viini viwili, kama N4020, hata kama laptopu ni mpya, inang'aa na iko ndani ya boksi. Mpya yenye prosesa hafifu itakuwa nzito tangu siku ya kwanza, na hakuna fundi atakayeiponya.

HATUA YA 4: RAM, na hapa usione haya kuuliza

GB 4 sahau. GB 8 ni kiwango cha chini. GB 16 ndicho kiwango ninachowaambia wote walenge, hata kama itabidi washuke daraja moja la prosesa. Kumbuka pia kwamba laptopu isiyo na kadi ya grafiki inayojitegemea hukata sehemu ya RAM kwa ajili ya kioo, kwa hiyo GB 8 zako hazibaki zote 8.

Sasa swali muhimu kuliko kiasi: RAM inaongezeka au imelehemiwa?

Mimi nilijifunza hili kwa kuumia. Nilinunua laptopu nyembamba yenye GB 4 nikiwa na hesabu zangu kwamba nitaongeza taratibu. Baada ya miezi kadhaa ya kubana matumizi nikapata kijiti cha GB 8, nikakaa chini, nikafungua mfuniko wa nyuma. Sikuona tundu. RAM ilikuwa imelehemiwa kwenye ubao mama, na kijiti kikabaki mkononi. Mashine ile niliandikia kazi zangu zote za mwaka mzima kwa kufunga kichupo kimoja ili kufungua kingine. Sitaki yakupate.

Namna ya kujua kwenye Windows: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Tazama mistari miwili. "Slots used" inaonyesha matundu mangapi yametumika kati ya yaliyopo. "Form factor" ikisema SODIMM, ni kijiti kinachochomolewa; ikisema Row of chips, imelehemiwa. Zipo pia zenye mchanganyiko, GB 8 zimelehemiwa na tundu moja liko wazi, na hizo si mbaya hata kidogo. MacBook zote za chipu za M haziongezeki, kwa hiyo unachonunua ndicho utakachozikwa nacho.

Kama ni mpya na huwezi kuiwasha, chukua jina kamili la toleo uliangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji. Jina la jumla halitoshi. Laptopu mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana hapo hapo.

HATUA YA 5: Diski

SSD, basi, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Laptopu yenye HDD (diski ya zamani inayozunguka) ya TB 1 inavutia kwa ukubwa wa namba, lakini itakufanya usubiri kila unapoiwasha na kila unapofungua faili. SSD ya GB 256 itakuhudumia vizuri kuliko HDD yenye ukubwa mara nne yake. GB 512 ni raha. Kwa michoro na video, GB 512 ndiyo pa kuanzia.

Jihadhari na eMMC (hifadhi ya bei ya chini iliyolehemiwa), hasa ya GB 64. Windows ikishapata masasisho kadhaa, nafasi imekwisha kabla hujaweka hata picha.

Usishtuke ukinunua GB 256 halafu Windows ikaonyesha 238. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kama baiti bilioni moja, Windows inahesabu kama baiti 1,073,741,824.

HATUA YA 6: Kioo, kibodi, uzito na betri

Hivi havionekani kwenye mabango makubwa ya matangazo, lakini ndivyo utakavyoishi navyo. Mimi ningempa mtu laptopu yenye prosesa ya wastani na kibodi nzuri kabla ya kumpa ile yenye prosesa kali na kibodi ya kuhangaisha.

Kioo kiwe na pikseli 1920 kwa 1080 au zaidi. Bado zinauzwa zenye 1366 kwa 768, na humo ukurasa wa PDF utausoma vipande vipande. Aina iwe IPS. Jaribio ni rahisi: inamisha kioo mbele na nyuma, sogea pembeni, rangi zikigeuka kuwa nyeupe au nyeusi, hicho ni TN, kiache. Mwangaza wa niti 250 unatosha ndani ya chumba, ila ukisomea karibu na dirisha au uani tafuta 300 na kuendelea.

Ukubwa ninaoupendekeza kwa wengi ni inchi 14. Uzito uwe kilo 1.6 au chini yake. Ya kilo 2.3 inaonekana si kitu ukiishika dukani, lakini ongeza chaja, vitabu na chupa ya maji, kisha panda ngazi hadi ghorofa ya nne.

Kibodi ijaribu kwa kuandika aya nzima, usiguse vibonye viwili ukaridhika. Sikiliza kama kuna kibonye kinachotaka kubonyezwa mara mbili.

Betri isome kwa Wh (wati-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi), usiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu saa hizo mara nyingi hupimwa kwa kucheza video na mwangaza ukiwa chini. Fanya hesabu yako. Kazi nyepesi kwenye laptopu ya prosesa ya U hula takriban wati 6 hadi 10. Betri ya Wh 50 ukiigawa kwa wati 8 unapata saa sita na kidogo. Chini ya Wh 40, jiandae kutembea na chaja.

Laptopu inayochajiwa kwa USB-C ni neema, maana chaja ikiharibika unaazima ya mwenzako. Ila si kila tundu la USB-C hupokea chaji. Uliza, au jaribu papo hapo.

Matundu mengine ya kuhakikisha: HDMI kwa ajili ya projekta siku ya kuwasilisha, na angalau USB moja ya kawaida kwa flashi. Zikikosekana, adapta nayo iingize kwenye hesabu ya pesa.

HATUA YA 7: Kadi ya grafiki

Fupi: kama hutumii Revit, SolidWorks, Blender, uhariri mzito wa video au mafunzo ya mifumo ya akili unde, huihitaji. Ukiinunua bila kuihitaji unabeba uzito, joto na betri fupi. Kama unaihitaji, RTX ya NVIDIA yenye GB 6 za kumbukumbu yake ni mwanzo mzuri. Ya GB 4 utaivumilia.

HATUA YA 8: Mpya au iliyotumika?

Kwa bajeti ndogo, iliyotumika ya daraja la ofisi inaishinda mpya ya bei ya chini karibu kila mara. Nazungumzia ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Zilitengenezwa kwa watu wa kazini: bawaba imara, kibodi nzuri, vipuri vinapatikana, na watengenezaji wametoa wazi vitabu vya kuzifungua. Makampuni huzitumia miaka michache kisha huziuza kwa mkupuo, ndiyo maana zinafika mikononi mwetu zikiwa bado na nguvu.

Mpya ina dhamana na betri ambayo haijachoka. Ukiwa na pesa ya mpya yenye prosesa ya maana na GB 16, chukua mpya. Pesa ikikufikisha kwenye mpya ya Celeron tu, rudi kwenye iliyotumika bila aibu yoyote.

HATUA YA 9: Ikague kwa nusu saa

Hii ni ya iliyotumika. Muuzaji anayekukatalia kukagua ameshakupa jibu.

1. Izime kabisa, iwashe, uingie BIOS, yaani mipangilio inayotangulia Windows (mara nyingi F2, F1, F10 au Del). Ikidai nenosiri asilolijua muuzaji, ondoka. Humo humo linganisha namba ya utambulisho na ile iliyobandikwa chini ya mashine.
2. Iingize namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Utaona iliuzwa na prosesa gani na dhamana iliisha lini.
3. Hakikisha haijafungwa na shirika. Ukiirejesha upya, na wakati wa kuanza ikaonyesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini, bado ina mwenyewe. Kwa Mac, muuzaji aondoe akaunti yake ya iCloud mbele ya macho yako. Mac iliyofungwa kwa Activation Lock ni sahani ya aluminiamu.
4. Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotengenezwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 31,000, betri imebakiwa na asilimia 62. Chini ya 70, hesabu betri mpya kwenye bei. Kwenye Mac tazama idadi ya mizunguko. MacBook za sasa zimepangiwa 1,000.
5. Diski: beba CrystalDiskInfo kwenye flashi. Ikiandika Caution au Bad, diski inakwenda.
6. Kioo: fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, ijaze kioo kizima. Madoa, mistari na pikseli zilizokufa vitajionyesha.
7. Bawaba: fungua na kufunga mara kumi taratibu. Plastiki ya pembeni ikiachia, hiyo itavunjika.
8. Chomeka flashi katika kila tundu la USB, chomeka spika, washa kamera, rekodi sauti, unganisha Waifai kutoka kwenye simu yako.
9. Cheza video ya kioo kizima kwa dakika kumi na tano. Sikiliza feni, gusa chini. Ikizima yenyewe, iache hapo hapo.

Angalizo: stika ya "Core i7" mtu yeyote anaweza kuibandika. Jina la kweli la prosesa liko kwenye Task Manager.

HATUA YA 10: Wiki ya kwanza

Weka masasisho yote, kisha sakinisha programu zote za kozi hata kama utazihitaji mwakani. Tatizo ulione wakati bado unaweza kuirudisha.

Tumia barua pepe ya chuo. Vyuo vingi vinastahili Microsoft 365 ya elimu bila malipo, Autodesk wanatoa AutoCAD na Revit bure kwa wanafunzi waliothibitishwa, na LibreOffice ni bure kwa kila mtu. Programu za wizi zinazosambazwa kwa flashi ni njia mojawapo ya virusi kuingia. Mtu anapoteza tasnifu kwa kitu ambacho angekipata bure.

Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Tafuta ufunguo wa BitLocker (ndilo jina la usimbaji huo) kwenye akaunti yako, uandike kwenye karatasi, uiweke mbali na laptopu.

Na nakala. Mahali pawili: diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Laptopu inaweza kuibiwa, kuanguka au kumwagikiwa chai, na pesa ya kununua nyingine huenda ikapatikana. Sura ya tatu ya utafiti wako haipatikani.

UKIKWAMA

Inakwama ingawa ina SSD. Fungua Task Manager uone kipi kimejaa. Memory ikiwa juu ya asilimia 85 muda wote, tatizo ni RAM: ongeza kama kuna tundu, la sivyo punguza vichupo. CPU ikiwa juu bila wewe kufanya kitu, nenda Startup apps uzime zinazojiwasha.

Programu inakataa kusakinishwa. Angalia mambo mawili kwenye Settings, System, About. Kama Windows iko kwenye hali ya S, inakubali programu za duka la Microsoft tu. Kuitoa humo ni bure lakini hairudi. Kama prosesa ni ya Arm, kama zile za Snapdragon, tafuta toleo lake maalumu.

Betri inaisha kabla ya kipindi cha pili. Punguza mwangaza kwanza, kioo ndicho mlaji mkubwa. Kisha washa hali ya kubana umeme. Ripoti ya betri ikionyesha chini ya nusu, badilisha betri. Ikivimba, yaani tachipadi inainuka au mfuniko haukai sawa, acha kuitumia siku hiyo hiyo na usiitoboe.

Inachaji polepole sana au inasema chaja ni dhaifu. Chaja ya simu ya wati 20 haitoshi laptopu inayotaka 65. Tazama wati zilizoandikwa kwenye chaja ya asili utafute inayolingana. Waya nao uwe wa kubeba wati hizo.

Inachemka na feni inapiga kelele. Usiitumie juu ya godoro wala blanketi, matundu ya hewa huzibika. Ikiwa imetumika miaka kadhaa, mpe fundi asafishe vumbi na kubadilisha losheni ya joto juu ya prosesa.

Imewaka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, mara nyingi baada ya sasisho la BIOS au matengenezo. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, ufunguo uko huko. Usikubali mtu aifute diski kabla hujautafuta.

Umeshanunua ya GB 4 iliyolehemiwa. Pole, najua hali hiyo. Weka Linux nyepesi kama Linux Mint ya Xfce au Lubuntu, tumia LibreOffice, fungua kivinjari kimoja tu na vichupo vichache. Kama diski yake ni HDD na inachomoka, iweke SSD. Mabadiliko utayaona siku hiyo hiyo. Kazi nzito zifanyie kwenye maabara ya kompyuta ya chuo, na uanze mapema kuweka akiba ya nyingine.